Chenga na Pasi katika Mpira wa Watoto

Ufundi wa kumiliki mpira, yaani kupeana pasi fupi fupi mpaka adui achoke kuufuata, una sifa zake za haki. Asemaye kuwa ni uvivu hajapata kukimbia alasiri nzima nyuma ya mpira asioupata, mimi nimekimbia. Ufundi huo ulipata heshima kubwa mwaka 2010, Hispania ilipotwaa Kombe la Dunia katika Afrika ya Kusini kwa mabao 8 tu katika michezo 7, nayo michezo yake minne ya mwisho ikaishinda yote kwa bao 1 kwa 0. Mshindi huigwa. Haikuwa ajabu, basi, kwamba walimu wa watoto nao walitamani timu zao zicheze vivyo hivyo. Ajabu ni kile walichochagua kukiiga.

Karibu na nyumba yangu upo uwanja ambapo watoto wa miaka tisa na kumi hufundishwa kila jioni. Neno lisikikalo zaidi hapo ni "Rudisha!" Mtoto apatapo mpira huambiwa amtafute mwenzake aliye nyuma yake, asiyekabwa na mtu, naye akishaupata huambiwa hivyo hivyo, hata mpira ukamfikia mlinda lango na safari ikaanza upya. Nilimwona mtoto mmoja mwembamba wa upande wa kushoto akimpiga chenga mlinzi wa kwanza, akampiga tobo wa pili, akanyang'anywa na wa tatu. Alitolewa nje papo hapo. Wiki iliyofuata alipata mpira pahali pale pale. Mbele yake amesimama mlinzi mmoja tu, na nyuma ya mlinzi huyo nyasi tupu. Akaurudisha. Mwalimu akapiga makofi.

Ni nini kilichoshangiliwa? Si usalama wa timu, maana timu haikuwa hatarini: mpira ukipotea karibu na lango la adui, adui ana uwanja mzima wa kuuvuka. Nadhani kilichoshangiliwa ni usalama wa mtu mzima. Pasi ya nyuma haina wa kulaumiwa, lakini chenga ikishindwa huonwa na kila mzazi aliyesimama kando ya mstari, naye huuliza mwalimu anafundisha nini. (Niliyesahihisha mitihani kwa miaka mingi nimesoma kurasa zilizo pasi za nyuma tupu, maneno ya mwalimu yakirudishwa kwa mwalimu salama usalimini, bila kupungua herufi, wala si rahisi kuzinyima alama.)

Hispania yenyewe ilionja ubaya wa jambo hili. Tarehe 1 Julai 2018, mjini Moscow, ilipiga pasi zaidi ya 1,000 dhidi ya Urusi katika dakika 120, ikaambulia bao 1, nalo la mlinzi wa Urusi aliyejifunga mwenyewe, kisha ikatolewa kwa penalti. Miaka sita baadaye taifa lile lile, lililokuzwa kwa pasi zile zile, lilitwaa Kombe la Mataifa ya Ulaya huko Ujerumani likiwa na mawinga wawili wapendao kumkabili mlinzi ana kwa ana, Nico Williams na Lamine Yamal. Yamal alikuwa na miaka 16 alipoisawazishia Hispania dhidi ya Ufaransa katika nusu fainali, kwa mkwaju wa mbali. Katika fainali dhidi ya Uingereza aliingia ndani akiwavuta walinzi, na badala ya kuendelea akampa Williams, aliyefunga. Chenga ndiyo iliyoifungulia pasi ile njia. Naye ni mwana wa shule ya vijana ya Barcelona, isifiwayo duniani kwa pasi kuliko kwa chenga. Shule iliyompokea Lionel Messi mwaka 2000 akiwa na miaka 13, na alipotoka humo bado alikuwa akiwapita watu. Waigaji waliziona pasi nyingi za katikati, wasione zilikuwa zikimtafutia nani nafasi.

Walakini wako wenye malalamiko ya haki juu ya mpiga chenga, nao ni watoto wenzake. Katika uwanja ule ule nimewaona wasichana wawili wamesimama mikono kiunoni, wakimngoja mvulana asiyetoa mpira kamwe, mpaka wakaanza kuzungumza mambo yao. Huo si ushujaa, ni ulafi, na mwalimu anayeunyamazia huwafundisha watoto kumi kuwa watazamaji. Lakini dawa yake si kumkataza mmoja asijaribu. Ningependa mwalimu awe mkali mbele ya lango letu, ambapo chenga ikishindwa ni bao, na awe mpole mbele ya lango la adui. Tena kila mtoto apewe zamu yake huko pembeni, wasichana wale wawili wakiwamo.

Sisi tuliocheza chandimu kwa mpira wa matambara hatukuwa na mwalimu wa kutupangia hayo. Mchoyo wa mpira hakutolewa nje; kesho yake alikuwa wa mwisho kuchaguliwa, na keshokutwa alianza kutoa pasi. Lakini hakuna aliyepata kumwambia aurudishe kwa mlinda lango, kwani mara nyingi hatukuwa naye.