Gari Chini ya Mwembe

Ndugu msomaji, kama umewahi kununua kitu kikuukuu kwa sababu tu moyo ulikataa kukiacha, utanielewa upesi. Kama hujawahi, naomba unisikilize hivyo hivyo, maana huenda nawe siku moja ukapita Muheza ukakuta kuku wanataga ndani ya motokaa.

Mimi nilipita huko mwaka juzi, nikiwa nimetumwa kuandika habari za wakulima wa machungwa. Nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane, chini ya mwembe, palikuwa na gari la Jeep. Simaanishi yale mapya yenye vioo vyeusi. Hili lilikuwa la mwaka 1951, aina ya CJ-3A, lililoundwa katika mji wa Toledo, jimbo la Ohio, Marekani. Magurudumu yake yalikuwa yamezama ardhini hadi nusu, turubai lilikwisha oza zamani, na juu ya kiti cha dereva alikaa tetea akinitazama kama mwenye mali. Marehemu mumewe yule mama alikuwa msimamizi katika shamba la mkonge, akalinunua mwaka 1962 kwa mlowezi aliyekuwa akifunga mizigo yake kurejea Ulaya. Akaliendesha mpaka mwaka 1988, lilipokosa mipira akaliegesha hapo.

Lazima nieleze kwa nini nilishindwa kuondoka. Gari la namna ile ni mzee wa ukoo mkubwa. Mwaka 1940 jeshi la Marekani lilitaka gari dogo jepesi lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, na kampuni ndogo ya Bantam, ya Pennsylvania, ndiyo iliyotengeneza la kwanza. Kazi kubwa ya kuyaunda kwa wingi ikaenda kwa Willys na Ford, ambao katika Vita Kuu ya Pili walitoa magari zaidi ya laki sita. Vita ilipokwisha Willys wakaanza kuwauzia raia. Huko Uingereza bwana mmoja wa kampuni ya Rover, Maurice Wilks, alikuwa na Jeep shambani kwake katika kisiwa cha Anglesey. Mwaka 1947 wakajenga gari lao la majaribio juu ya chesisi ya Jeep, na mwaka 1948 Land Rover ikaonyeshwa hadharani. Wajapani nao, Toyota, walianza mwaka 1951 na gari waliloliita Jeep, na mwaka 1954 wakalibadilisha jina kuwa Land Cruiser. Kwa hiyo Land Rover iliyomleta Bwana Shamba kijijini kwenu, na Land Cruiser iliyokurushia vumbi barabarani, zote zina deni la heshima kwa yule mzee wa chini ya mwembe.

Haya yote niliyajua. Nilichokuwa sikijua ni jinsi ya kununua gari.

Tulipatana shilingi milioni nne. Fedha hizo zilikuwa benki, na zilikuwa na jina: zilikuwa fedha za bati. Nyumba yetu ilikuwa imesimama kwenye lenta kwa miaka mitatu. Nilijiambia kwamba nitazirudisha kabla ya mtu kuuliza, na nadhani wengi mmewahi kujiambia maneno hayo. Yule mama alipokea fedha kwa mikono miwili akasema, "Mwanangu, ukiliondoa hapa utakuwa umenipa pahala pa kupanda mihogo." Juma lile lile nikakodi lori, tukalipakia kwa kamba na vijana wanane, tukapita Segera na Chalinze hadi Dar es Salaam.

Mke wangu alilizunguka mara moja. Hakupiga kelele. Akauliza, "Kadi iko wapi?"

Nikampa. Akaisoma, akaniangalia. "Hili ni jina la marehemu. Marehemu amekuuzia lini?"

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu. Na kibaya zaidi, katika kurasa za familia kama hizi mimi mwenyewe nimewahi kuwaasa wasomaji juu ya mirathi, kwamba mali ya aliyefariki haiuzwi na mtu mmoja kwa hiari yake, bali na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Niliandika vizuri sana, nakumbuka.

Siku ya pili nikaleta fundi wa bodi kutoka Gerezani. Alipaswa kuja Muheza kabla ya fedha kutoka, lakini hilo nalo limekwisha pita. Alichukua bisibisi, akainama, akaichoma sakafu upande wa dereva, nayo ikapita kama inachoma mkate. Chini ya sakafu ya Jeep kuna mihimili ya bati iliyokunjwa. Matope yakiingia humo hayatoki, na kutu inakula kutoka ndani huku rangi ya juu ikiendelea kumdanganya mnunuzi. Land Rover haikupata balaa hili kwa kiasi hicho, kwa sababu baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma, ikabidi bodi itengenezwe kwa aluminiamu. Jeep ni chuma kitupu. Fundi akagonga kila mahali kwa nyundo ndogo, akisikiliza. Penye chuma panalia. Penye puti pananyamaza. Upande wa nyuma ulinyamaza sana.

Hata hivyo chesisi ilikuwa nzima, na hiyo ndiyo habari njema, kwani bodi huchomelewa lakini chesisi iliyooza ni msiba. Injini ilikuwa imegandamana. Ni injini nyepesi kuelewa: silinda nne, lita mbili na nukta mbili, nguvu ya farasi sitini. Tulifungua plagi, tukamimina mafuta mepesi ndani ya silinda, tukaacha siku kumi. Siku ya kumi na moja fundi aliweka spana kwenye puli ya mbele, akaegemea taratibu, ikazunguka. Nilitaka kumkumbatia. Yeye akanionyesha breki.

Hapo ndipo penye hatari, na nawaomba mnaovutiwa na magari ya zamani mnisikilize. Breki zake zote nne zinategemea bomba moja na masta silinda moja iliyo chini ya sakafu. Pakivuja mahali pamoja, unakanyaga hewa. Breki ya mkono nayo haishiki magurudumu; inashika shafti inayopeleka nguvu nyuma. Tena tangi la petroli liko chini ya kiti cha dereva, na usukani uko kushoto, kwa hiyo ukitaka kulipita lori huoni kinachokuja mpaka umekwisha toka. Nikaapa kwamba halitawaka kabla ya breki kuwa mpya.

Kiapo kilikuwa rahisi kutimiza, maana jioni moja mtoto wa marehemu alibisha hodi. Ni mtoto wa mke wa kwanza, aliyetangulia kufariki, naye anafanya kazi hapa hapa Dar es Salaam. Alikaa, akakubali chai. "Kaka, sikuja kugombana," akasema. "Gari lile ndilo lililonipeleka hospitali nilipovunjika mguu. Mama mdogo hakuwa na mamlaka ya kuliuza peke yake, na sisi tuko watano."

Ningeweza kusema nirudishiwe fedha zangu achukue gari lake. Nilitaka kusema hivyo. Lakini yule mama alikwisha fanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, macho yote mawili, na zilizobaki aliezekea jiko. Kudai fedha zile kulikuwa sawa na kumdai kuona kwake.

Tukaenda Muheza. Kikao cha ukoo kikakaa, muhtasari ukaandikwa, Mahakama ya Mwanzo ikamteua yule kijana kuwa msimamizi. Ilichukua miezi saba, na miezi yote hiyo gari lilikaa uani kwangu bila mtu kuligusa, watoto wa jirani wakiliita jipu la baba fulani, na mke wangu akisema kwamba jina hilo halikukosewa.

Hesabu ya mirathi ilipigwa kwa sheria ya Kiislamu. Mjane mwenye watoto kwa mumewe au watoto wa mumewe hupata thumuni, yaani shilingi laki tano katika zile milioni nne. Zilizosalia, milioni tatu na nusu, ni za wana wawili na mabinti watatu, kila mwana fungu la mabinti wawili. Wana walimsamehe mama yao mdogo milioni moja moja. Mabinti wawili wakasamehe laki tano zao. Wa tatu akakataa. Wengine walimnung'unikia, lakini mimi sikuona kosa lake: ana watoto wanne, hana mume, na haki ilikuwa yake. Niliangalia chini. Mke wangu, aliyekuwa amesafiri nami, akasema mbele ya wote, "Atalipa aliyenunua bila kuuliza." Nikalipa laki tano nyingine, kwa mafungu matatu.

Kadi sasa ina jina langu. Imewekwa sandukuni pamoja na cheti chetu cha ndoa, na ufunguo wa sanduku sina mimi. Tumekubaliana pia kuhusu bati: mwezi mmoja fedha zinakwenda kwenye paa, mwezi unaofuata kwenye gari, na mwezi wa ada ya shule haviguswi vyote viwili. Nyumba imeezekwa nusu. Gari limepata breki mpya, mabomba mapya na mipira minne. Taa zake hutumia umeme wa volti sita, na betri za namna hiyo zinatafutwa kwa tochi, ndiyo maana bado halitoki usiku. Mchana nililizungusha uani mara mbili, miguu yangu ikiona ardhi inapita chini.

Juma lililopita yule mama alinipigia simu kutoka Muheza. Alinieleza kwamba mihogo imeshika vizuri, na kwamba siku hizi anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Kisha akauliza, "Je, linawaka?"

Nikamwambia linawaka, mama, ila halina sakafu.

"Basi usije nalo wakati wa masika," akasema.