Chini ya Ringi, Upanga

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukishuka kwenye daladala Upanga saa kumi jioni, masikio yako yalitangulia kufika kwenye uwanja wa kikapu. Mpira ulisikika tangu barabarani ukidunda kwenye saruji, du, du, du. Kisha kimya kifupi. Kisha ringi ikalia ngwaa, na vicheko vikafuata. Kile kimya nakikumbuka kuliko kelele zote. Ndio muda gadi mfupi alipokuwa hewani, mpira mkononi, hajui aupeleke wapi.

Twende basi, lakini polepole, jua bado linachoma. Tupite upande huu wa ukuta, kwenye kivuli cha mwarobaini. Pale kona yupo mama wa mihogo. Karai limeshapata moto, na moshi wa mafuta yake unakutana na harufu ya bizari inayoshuka kutoka ghorofa za Wahindi. Kunguru wamejipanga kwenye nyaya za umeme, wanasubiri kitakachodondoka. Mihogo tutakula tukirudi. Ukila sasa hivi hutakimbia. Mama mwenyewe analijua hilo, ndiyo maana anakataa kukufungia: "Kacheze kwanza, mwanangu, pesa yako haiozi."

Tunakokwenda siko uwanja wa Don Bosco. Don Bosco walicheza wakubwa, timu za akina Savio, Vijana, Pazi na JKT, na sisi tulikwenda kule kukaa pembeni na kukodoa macho. Uwanja wetu ulikuwa wa shule, nyuma ya madarasa. Saruji yake ilikuwa na ufa uliotoka mstari wa kati hadi karibu na goli la kaskazini, na mwenyeji aliuruka bila hata kuutazama. Wakati wa masika tulisukuma madimbwi kwa fagio la chelewa huku soksi zikilowa. Bodi zilikuwa za mbao. Ile ya kusini ilikuwa imeoza kwa ndani kwenye kona ya kushoto. Ukiupiga mpira pale haurudi, unadondoka tu, puu. Mwenyeji alijua kulenga chini kidogo, mgeni aliaibika. Nyavu hazikuwepo kabisa, na hapo ndipo ulipozaliwa ugomvi wa kila jioni, maana mpira ukipita bila kugusa chuma, nani ataapa kwamba umeingia?

Raba zetu zilitoka mitumbani Karume. Ukipata iliyozidi mguu unavaa soksi mbili, ukipata iliyobanduka unampelekea fundi viatu, naye anaibandika na kuishona kwa uzi wa nailoni mpaka inanuka gundi wiki nzima.

Tazama sasa chini ya kikapu. Eneo la sekunde tatu lilichorwa kwa rangi nyeupe iliyochujuka, jembamba juu na pana chini: mita 3.6 kwenye mstari wa mitupo huru, mita 6 kwenye mstari wa mwisho. Ndivyo sheria za FIBA zilivyotaka mpaka 2010, walipoligeuza kuwa mstatili. Sekunde tatu zenyewe zilimbana mshambuliaji peke yake. Mlinzi aliruhusiwa kukaa mle mpaka adhana ya magharibi. Wamarekani waliweka sheria ya kumtoa mlinzi mle ndani kwenye NBA msimu wa 2001/02. Kwa FIBA anaruhusiwa mpaka leo. Wala hapakuwa na ile nusu duara chini ya ringi inayomzuia mlinzi kusimama palepale na kudai amegongwa. Hiyo nayo ilikuja 2010, sisi tumeshaacha kucheza.

Aliyekaa mle kwetu alikuwa Mlingoti. Ndivyo tulivyomwita. Asubuhi aliuza vocha kituoni, jioni alikuja uwanjani amefua fulana yake ileile kwa sabuni ya mche. Alikuwa mpole kupita kiasi. Kila alipokupiga bloku alisema "samahani, dogo", tena samahani ya kweli, huku mpira wako ukiviringika kuelekea chooni.

Chenga hatukukosa. Aliyekua akikatiza Barabara ya Umoja wa Mataifa katikati ya daladala na mikokoteni hawezi kushindwa kumpita mlinzi. Tulipitisha mpira kati ya miguu, tukauzungusha nyuma ya mgongo, mlinzi akabaki anashika hewa. Mambo yaliharibika kwenye hatua mbili za mwisho. Mmoja aliruka mapema mno na kasi yake yote, mpira ukaikita bodi na kurudi nusu ya uwanja. Mwingine alizama mpaka ringi ikawa nyuma ya kisogo chake, akawa anaitafuta angani kama aliyepoteza ufunguo. Wa tatu alifumba macho akisubiri kugongwa, na asipogongwa alishangaa mwenyewe mpaka mpira ukamponyoka. Ringi iko mita 3.05 kutoka chini, nasi wengi hatukufika mita moja na sabini. Lakini urefu haukuwa ugonjwa wetu mkubwa. Tuliogopa kuguswa.

Mwaka ule wa 2001 ilizunguka kanda moja ya video, ya mchezo wa kwanza wa fainali kati ya Philadelphia 76ers na Lakers. Allen Iverson, mtu wa mita 1.83, alitia pointi 48 huku Shaquille O'Neal wa mita 2.16 akiwa amesimama golini. Sixers walishinda 107 kwa 101 baada ya muda wa nyongeza, na ndio mchezo pekee walioupata katika fainali ile. Tuliitazama sebuleni kwa mwenzetu aliyekuwa na deki, tukairudisha nyuma mara nyingi mpaka picha yenyewe ikaanza kupiga chenga. Kesho yake kila mtu alikuja uwanjani amekata soksi ndefu na kuivaa mkononi mpaka juu ya kiwiko. Wawili walithubutu kusuka nywele. Mmoja alinyolewa na baba yake usiku uleule. Tuliiga soksi, tuliiga misuko, tuliiga ile chenga ya kumwacha mtu ameanguka. Jinsi Iverson alivyoweka bega lake kwanza kwenye kifua cha mlinzi, kisha ndipo akaruka, hilo hakuna aliyeliona.

Aliyeliona ni kocha. Alikuwa fundi wa friji Kariakoo, na alikuja na mikono inayonuka waya uliochomelewa.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Jana nimewatazama," akasema. "Njia mnaijua, mlango mnaufikia, kuingia ndani mnaona haya. Kwani mmekuja kuposa?"

Alikuwa amebeba ufagio wa mpini mrefu na mto wa kochi kuukuu, sponji limechungulia kwenye mshono. Alisimama chini ya ringi akauinua ufagio juu, chelewa zikiwa pale ulipozoea kufika mkono wa Mlingoti. Tukaja mmoja mmoja. Ukiupeleka mpira kwa mkono ulionyooka mbele, kama tulivyozoea, ufagio unaupangusa na vumbi linakuingia machoni. Ukitaka upite, ilikubidi uushushe kwanza karibu na nyonga, uusogeze mbali na ufagio, halafu uuinue ukiwa umeshafika juu. Tulipoanza kuuzoea ufagio, akaushika kwa mkono mmoja na mto kwa mkono mwingine, akawa anatusukuma ubavuni wakati wa kuruka. Aliyeanguka hakupewa faulo. "Ruka kwa miguu miwili," alisema. "Mguu mmoja unakwenda mbali, miwili inasimama." Na tena: "Usimtazame mtu, tazama bodi."

Alitusimamisha pia chini ya ringi bila kudribo, tufunge kulia, tudake, tufunge kushoto, tudake, kulia tena, mpira usishuke chini ya mabega. Zoezi hilo duniani kote huitwa Mikan, kwa jina la George Mikan, senta wa Minneapolis Lakers mwenye mita 2.08. Jitu zima ndilo lililowaachia wafupi dawa yao.

Kwenye kushoto ndiko tulikokwama. Upande wa kulia wa ringi tuliweza, lakini tukisukumwa kushoto tulijipinda ili bado tutumie mkono wa kulia, na Mlingoti alishajua. Makocha wa kigeni wangesema ni uvivu wa mazoezi. Mimi nasema ilikuwa malezi. Mtoto wa Pwani hali kwa kushoto, hatoi kitu kwa kushoto, hapokei kwa kushoto, hamnyooshei mtu mkono huo. Kufikia umri wa kucheza mpira wa kikapu, mkono huo umeshakaa mwaka baada ya mwaka bila kazi nyingine ila ya chooni. Kocha akatuagiza tuufufue nyumbani: tupige mswaki kwa kushoto, tufungue milango kwa kushoto, tuchote maji kwa kushoto.

Bibi yangu aliniona asubuhi moja nikimimina chai kwa mkono huo. Mwiko ulitua kwenye vifundo vya vidole kabla sijaweka birika chini.

"Adabu hii umefundishwa na nani?"

"Kocha, bibi."

"Huyo kocha hana mama?"

Ilibidi tukae tuelewane. Bibi alikubali mswaki, ndoo, bomba na komeo la mlango. Chakula, chai na kumpa mtu kitu alikataa katakata, wala hakurudi nyuma. Kwa hiyo nilikuwa nachota maji kwa kushoto uani, ndoo inayumba, nusu inamwagika kwenye miguu, naye ameketi kwenye mkeka anachambua mchele, ananitazama kwa jicho la pembeni na kusonya.

Sikuwa mimi wa kwanza kuona matunda ya mazoezi hayo. Alikuwa rafiki yangu wa Magomeni, mfupi kuliko sote, aliyezoea kutoka uwanjani na midomo imevimba kwa kujigonga na warefu. Jioni moja alisukumwa kushoto kama kawaida. Mlingoti akasogea. Rafiki yangu akasimama ghafla kwa miguu miwili, akampa bega kifuani, tap, akasubiri. Mlingoti alipoanza kushuka ndipo yeye alipopanda, akautoa mpira nyonga ya kushoto, akauweka kwenye bodi kwa vidole vya mkono wa kushoto, taratibu, chini kidogo ya ile kona iliyooza. Mpira ukapita katikati ya chuma bila mlio wowote.

Ugomvi ukalipuka papo hapo. Haijaingia! Imeingia! Imepita pembeni! Fulana zikashikwa. Mlingoti akainua ule mkono wake mrefu. "Imeingia," akasema. "Imepita mbele ya pua yangu." Hakuna aliyembishia.

Miaka iliyofuata tulimwona Tony Parker wa San Antonio Spurs, Mfaransa wa mita 1.88 tu, akiudondosha mpira kutoka mbali kidogo, juu ya vidole vya warefu, mpaka akachaguliwa mchezaji bora wa fainali za 2007. Tulijaribu. Kwenye bodi ya mbao na upepo wa kusi, mpira ule ulikwenda ulikotaka wenyewe. Na hatua zile za kuyumba kulia kisha kushoto tulizoziona kwa mwenzake, Manu Ginóbili, refa wetu alizipulizia filimbi bila huruma. FIBA ilipobadili sheria ya hatua mwaka 2017 na kumruhusu mchezaji aliye mwendoni adake mpira kabla hatua zake mbili hazijahesabiwa, nilimkumbuka refa yule na filimbi yake ya plastiki.

Siku hizi viwanja vimeongezeka. Pale Kidongo Chekundu upo uwanja wa vijana uliofunguliwa 2015, na ukipita jioni utaona watoto wakifanya chenga ambazo sisi tungezilipia kiingilio. Dar imetoa pia mtu wa mita 2.21, Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Tangu hapo kila mzazi mwenye mtoto mrefu huulizwa njiani mbona hampeleki kwenye kikapu. Mwenye mtoto mfupi haulizwi. Nimesimama pale zaidi ya jioni moja, na hatua mbili za mwisho bado zinawashinda vilevile: wanaruka mapema, wanakwepa bega, wanajipinda kulia.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, ukimkuta wako anachota maji kwa mkono wa kushoto huku ndoo inamwagika, usimchape. Chai amimine kwa kulia, bibi yangu alikuwa na haki yake. Ndoo mwachie.