Bibi yangu na GB 8

Nimekuwa kimya siku kadhaa, wadau. Nilikuwa namchonga bibi, mzaa mama, kwenye kompyuta. Alituachia picha moja tu, nikaona nijaribu kumrudisha kwa Blender, maana ni programu ya bure.

Kwa wasiojua: umbo la kidijitali ni wavu wa vipande vidogo. Kila ukiugawa, kipande kimoja kinazaa vinne. Nilianza na mchemraba wa vipande 6. Ngazi ya 4 vikawa 1,536. Ngazi ya 9 vikafika 1,572,864. Mimi nataka makunyanzi bwana, nikagawa tena: zaidi ya milioni 6! Memori yangu ya GB 8 ikajaa, mashine ikaanza kusukumia mzigo kwenye diski, mwisho ikaganda kabisa. Kazi ya saa tatu ikapotea, maana sikuwa nimehifadhi.

Nikafungua faili la jana yake. Makunyanzi yapo, lakini jamani, yule alikuwa bibi wa watu wengine. Nikashuka hadi ngazi ya 4, nikarudisha taya nyuma, nikainua mashavu kidogo. Mashine haikulalamika hata mara moja. Na hapo ndipo aliponitazama.

Kumbe nilikuwa namtafuta kwenye ngozi, wakati yeye yuko kwenye mifupa, na mifupa haihitaji memori kubwa.

Safari hii nimehifadhi, tena mara mbili. Mama bado sijamwonyesha. Naogopa.