Kustaafu siyo kuwa skrepa!

Msomaji wangu, hapa mtaani kwetu gari likifikisha miaka kumi na tano tunalicheka. Mkweche! Eti kazi iliyobaki ni kufugia kuku. Basi leo nakuletea habari za mkweche wa angani, halafu uniambie kama bado unacheka.

Ni ndege aina ya DC-8, injini nne. Iliundwa mwaka 1969, ikabeba abiria wa Alitalia ya Italia, kisha Braniff ya Marekani. Mwaka 1985 ikachukuliwa na NASA, lile shirika la anga la Wamarekani. Umri miaka 16! Kwa hesabu za mtaani, banda la kuku hilo.

Wenzetu hawakufuga kuku. Walivua injini kuukuu, wakaivisha mpya zenye nguvu na zisizobugia mafuta. Viti vingi viking'olewa, ikafungwa mitambo. Baadhi ya madirisha yakapachikwa mirija ya kuvuta hewa ya nje, na matundu yakatobolewa juu na chini ili miali ya leza ipite, ipime vumbi na gesi. Usidhani ni kama kutoboa debe, ndugu yangu. Huko juu hewa ya ndani inaisukuma bodi kwa nguvu, kwa hiyo kila tundu lazima lipigiwe hesabu na kuimarishwa. La sivyo, balaa!

Na kazi ikaonekana. Mwaka 1987 iliruka kutoka Punta Arenas, kusini kabisa mwa Chile, ikishirikiana na ndege nyingine, ER-2, kuchunguza tundu la ozoni juu ya Antaktika. Vipimo vya msafara ule vilisaidia kumnasa mchawi: klorini itokanayo na gesi za majokofu na makopo ya kupulizia. Kati ya 2016 na 2018 ikaizunguka dunia mara nne, ikishuka hadi mita 200 hivi juu ya bahari na kupanda kilomita 12, shuka panda, shuka panda, ionje hewa ya kila kimo. Si mchezo!

Mwaka 2022 NASA ikanunua mrithi wake, Boeing 777 iliyotumiwa na shirika la ndege la Japani. Mtumba tena! Mei 2024 bibi yetu akaruka mara ya mwisho, akatua Pocatello, kwenye chuo kikuu cha jimbo la Idaho, ili vijana wajifunzie ufundi wa ndege.

Hapo ndipo wivu uliponishika. Nina rafiki, tulimaliza naye kidato cha nne, akaenda kusomea umakanika chuo fulani. Miaka miwili injini anaiona ubaoni, imechorwa kwa chaki! Leo akipewa spana gereji anatetemeka. Na nyuma ya gereji hiyohiyo mikweche imejaa, inaota majani.

Jamani wenye mali, msiyauze yote kwa kilo. Moja tu lipelekeni chuoni, vijana wakalifungue na kulifunga hadi mikono iwe meusi. Kuku watapata pa kulala.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.