Morans, kaka yangu, na jedwali lenye mashimo

Najua niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya kuhifadhi data kwenye simu. Itakuja. Leo naandika juu ya mpira wa kikapu, lakini vumilieni, tarakilishi zimo ndani.

Februari 2021 mimi na kaka yangu mkubwa tulikuwa chumbani kwangu hapa Kayole, tukitazama timu yetu ya taifa, Morans, ikicheza na Angola mjini Yaoundé. Picha ilikuwa kwenye kipakatalishi. Kwenye simu nilikuwa nimefungua ukurasa wa takwimu za mechi, ule wa maandishi matupu. Dakika za mwisho, tuko nyuma kidogo, Tylor Ongwae ana mpira mkononi, picha ikaganda. Kile kiduara mnachokijua kikaanza kuzunguka. Nikatazama simu: 74-73. Kenya.

"Kaka, tumeshinda."

"Hata hajarusha!" akasema, kidole kwenye skrini.

Alikuwa sahihi na mimi pia nilikuwa sahihi. Video ya mtandaoni hukatwa vipande vya sekunde chache, na simu au tarakilishi hukusanya vipande kadhaa kabla ya kuanza kuonyesha, ndiyo isikwame kwame. Kwa hiyo unachokiita "moja kwa moja" kimekwisha kutokea nusu dakika iliyopita, au zaidi. Takwimu ni tofauti: kuna mtu ameketi kando ya uwanja, anabonyeza kikapu kinapoingia, na maandishi machache mno yanasafiri. Hata intaneti yetu ya Kayole inayaweza.

Picha ikarudi. Ongwae akarusha, ukaingia, wenzake wakamrukia. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Kaka hakuinuka kitandani. Alisema tu, "Sasa tunaenda," kisha akanyamaza muda mrefu.

Kwa asiyefuatilia mchezo huu: tulikuwa tunaenda AfroBasket, na mara ya mwisho tulikuwa huko mwaka 1993, mashindano yalipofanyika hapa hapa Nairobi. Mwaka ule Kenya ilimaliza ya nne na Angola hao hao wakachukua kombe. Baba alimpeleka kaka Kasarani, akiwa na miaka 11. Mimi niliachwa nyumbani kwa sababu ya udogo, jambo ambalo sijalisahau.

Baada ya hapo, miaka 28 hatukurudi. Sasa pigeni hesabu. Mtoto aliyetoka Kasarani akiwa na miaka 11 alikua, akaanza kucheza, akaingia timu ya kampuni fulani, akapanda matatu jioni kwenda mazoezi na kurudi usiku, goti likamlemea, akaacha mwaka 2008. Maisha yake yote ya uchezaji yamo ndani ya lile shimo. Niliwahi kutafuta jina lake mtandaoni. Hakuna kitu. Miaka saba ya ligi na hakuna hata pointi moja.

Watu hukumbuka ule mrusho wa Ongwae (wakati huo akichezea Bakken Bears ya Denmark) kana kwamba timu ilizaliwa siku ile. Sivyo. Mwaka 2019 kocha Cliff Owuor alipeleka kikosi Bamako kwenye AfroCan ya kwanza, mashindano ya wachezaji wa ligi za Afrika, wakafika fainali wakashindwa na Kongo. Januari 2020 wakapita mchujo hapa Nairobi, mbele ya Sudan Kusini. Novemba Angola wakatupiga Kigali. Ndipo akaja Liz Mills, Mwaustralia, ambaye mwaka 2021 akawa mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume AfroBasket. Sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa wa kutaka kufuta kodi yote (ile ya programu, si ya nyumba) na kuanza upya. Kule hakuna aliyefuta kila kitu. Walirekebisha kipande hiki, wakajaribu, kikavunjika kingine, wakarekebisha tena.

Na haikuisha vizuri kama sinema. Agosti 2021 Kigali tuliwapiga Mali, halafu tukatolewa na Sudan Kusini, wale wale tuliowapita Nairobi. Wenzetu waliendelea kujenga: Kombe la Dunia 2023, Olimpiki ya Paris 2024. AfroBasket ya 2025 sisi hatukuwepo. Inauma, siwezi kudanganya. Upande wa klabu ndiko kulikotoa habari njema: Nairobi City Thunder, baada ya kuchukuliwa na wamiliki wapya mwaka 2023, iliingia Basketball Africa League Mei 2025, klabu ya kwanza ya Kenya kufika huko.

Mtoto wa kaka anacheza sasa. Kila Jumamosi huwa naketi kando ya uwanja, karibu na Spine Road, ringi moja haina wavu, nikiwa na simu na programu ndogo niliyoiandika: jina, mrusho, umeingia au la. Inafanya kazi bila intaneti, kisha inatuma data nikifika nyumbani. Vijana walinicheka mwanzoni. Siku hizi mechi ikiisha wananizunguka kuuliza, "Uncle, nimeandikwa ngapi?"

Mwezi uliopita nilimwomba kaka anisimulie mechi zake anazozikumbuka, nizitie kwenye jedwali hilo hilo. Alikataa, akasema hizo si data, ni hadithi za mzee. Nikamjibu nitaongeza safu ya "chanzo" na kuandika "kumbukumbu". Akacheka, akakubali. Nikaanza na ile mechi ambayo wazee wa mtaa bado wanaisimulia, aliposimama kwenye mstari mwishoni na kutia mitupo huru yote miwili. Nikaandika 2 kati ya 2.

Akainama juu ya bega langu.

"Weka moja," akasema. "Wa pili uligonga ringi. Mwenzangu ndiye aliyeudaka akafunga."

"Mwenzako nani?"

Akanitajia jina. Nikafungua safumlalo mpya.