Dereva na Utingo

Jumamosi, 8 Juni 2024

Ukumbi wa semina ya watoto ya kuandika programu umepatikana Ngamiani, karibu na barabara ya 12. Feni mbili, soketi nne, madirisha upande wa upepo. Mwenyewe hataki kodi, anataka tu tukimaliza tufagie. Laptopu nimeahidiwa 12, nami nimekwisha tangaza watoto 24. Mdogo wangu kanishauri nihangaikie nyingine 12, kila mtoto awe na yake, isije ikaonekana semina ya kimaskini. Nimemwambia hata nikiletewa 24, nusu nitazifungia kabatini. Alicheka, akadhani natania.

Jumanne, 11 Juni

Nimeshinda nazikagua mashine. Tano bado zina Windows 7, na Scratch (programu watakayojifunzia watoto) ya toleo la 3, ile iliyotoka Januari 2019, ukitaka kuipakia ndani ya kompyuta inadai Windows 10. Hizo tano nimezipa toleo la 2. Linafanya kazi bila wasiwasi, ila jukwaa anapotembea paka wa Scratch liko kushoto, na kwenye toleo la 3 liko kulia. Kwangu si kitu. Kwa mtoto wa darasa la sita anayechungulia kwa jirani ajue abonyeze wapi, ni kizunguzungu. Basi tano zote zitakaa ukuta mmoja.

Intaneti situmii. Bando la simu moja kuligawa kwa mashine 12 ni kuwaalika watoto waje kutazama kiduara kikizunguka. Kila kitu kiko kwenye flashi.

Jumapili, 16 Juni

Kesho Idd. Jikoni wananiita, nami nimejificha na daftari.

Namfikiria Sugata Mitra. Mwaka 1999, Kalkaji, New Delhi, alitoboa ukuta wa ofisi akaweka kompyuta ikitazama mtaa wa walalahoi, na watoto wakajifunza kuitumia bila mwalimu. Hadithi hii hupendwa sana, na wafadhili huipenda zaidi, maana haina mshahara wa mwalimu ndani yake. Mimi naiamini nusu. Kwamba watoto hufundishana, hilo nimeliona. Lakini penye kompyuta moja na kundi zima, anayeshika kipanya ni yupi? Ni mwenye viwiko.

Mwaka huohuo Kent Beck alitoa kitabu chake kuhusu namna ya kuandika programu, na mojawapo ya mambo aliyoyasisitiza ni hili: watu wawili, kompyuta moja. Mmoja anachapa, mwenzake anawaza mbele na kumkosoa, halafu wanapokezana. Hao ni watu wazima, kampuni zao zisingeshindwa kuwanunulia mashine ya pili. Kwa hiyo kukaa wawili si lazima kuwe dalili ya ufukara.

Watoto nitawaambia ni dereva na utingo. Dereva anashika kibodi na kipanya, ila njia haamui yeye. Utingo anaamua njia, lakini hagusi kitu. Kila dakika 10 filimbi, wanahama viti.

Alhamisi, 20 Juni

Wavulana wamejaa wenyewe, wengine nimewarudisha. Wasichana hawajiandikishi, husubiri kuombewa ruhusa. Leo nimezunguka na barua mkononi Makorora na huku Ngamiani. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga vitumbua alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa mwalimu, nimekuelewa. Na huyu mdogo wake atabaki na nani?" Nikamwambia aje naye. Kidato cha pili sitawapata, wako kambini wanaandaliwa kwa mtihani wao wa taifa. Na sharti nimalize saa nane, wengi wana madrasa alasiri.

Kwenye barua nimeweka mstari wa picha, mzazi akubali au akatae. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi tangu mwaka jana, na aliyetuazima laptopu anazitaka picha kuliko anavyotaka kujua watoto watafundishwa nini.

Ijumaa, 21 Juni

Luku imejazwa. Ekstensheni sita. Ukwaju, sukari, barafu.

Jumamosi, 22 Juni, usiku

Miguu inawaka moto, lakini niandike kabla sijalala.

Saa mbili na nusu walikuwa mlangoni, "shikamoo mwalimu" mfululizo. Binti wa yule mama wa vitumbua kaja na mdogo wake mgongoni. Nilitandika mkeka nyuma, na hadi saa nne walikuwa wadogo wanne juu yake, maana habari zilisambaa kwamba inaruhusiwa.

Filimbi ya kwanza ndiyo iliyokuwa na kazi. Wavulana watatu hawakutaka kuinuka kabisa. Mmoja alinieleza kwa adabu zote kwamba mwenzake amemwachia kwa hiari. Nilimtazama huyo mwenzake: mikono yake ilikuwa chini ya meza. Nikasema gari lisilobadili dereva linazimwa, nikalizima kweli. Baada ya hapo filimbi zikawa zinatii.

Burudani ya siku ilitoka kwenye maikrofoni. Scratch inarekodi sauti, na kijana mmoja alichora daladala, akajirekodi, "Raskazone, Raskazone, twende mbele!" Dakika tano baadaye ukumbi mzima ulikuwa stendi. Niliwaacha. Ili sauti ije gari linapogusa ukingo wa jukwaa, na isije wakati mwingine, walilazimika kutumia sharti la "kama" ndani ya mzunguko wa "rudia", mambo ambayo ningeyafundisha ubaoni wangesinzia.

Lakini ninalotaka kulikumbuka ni la yule binti. Alikuwa utingo. Dereva wake, mvulana wa kidato cha tatu, paka wake aliruka hatua mara mbili ya alizoandika, naye akawa anabadilisha namba: 10, 8, 5. Binti hajawahi kushika kompyuta kabla ya leo. Akamwambia, "Kaka, bendera ziko mbili." Kweli: vipande viwili vya maelekezo, kila kimoja kikianza na bendera ya kijani, na Scratch huviendesha vyote kwa pamoja. Macho ya dereva yalikuwa kwenye namba. Angekuwa peke yake na mashine yake, angeendelea kupunguza namba hadi adhuhuri, na binti kwenye ya kwake angekuwa bado anatafuta herufi.

Jumatatu, 24 Juni

Wazazi wanadai vyeti. Siku moja, cheti cha nini? Nimekataa, na najua wawili watatu wamenuna.

Mwenye laptopu kapiga simu akiwa na furaha, semina ya Desemba atanipa 24. Nimemshukuru, nimemwomba 12 tu zilezile, ila zote ziwe na Windows 10, na thamani ya nyongeza iende kwenye feni na chakula. Kasema atalifikisha kwa wakubwa, kwa sauti ya mtu ambaye hatalifikisha. Vyovyote watakavyoamua, viti vitakuwa viwili kwa kila mashine. Barua za wasichana zitatangulia kwenda majumbani mwishoni mwa Oktoba, kabla wavulana hawajasikia. Na mkeka wa wadogo zao, pamoja na mtu wa kuwaangalia anayelipwa, nimeuandika juu kabisa kwenye bajeti.