Chombo Kisichojibu: Istilahi na Usakinishaji wa Maktaba ya Programu

Katika maabara ya fizikia, kebo pekee haitoshi kuvifanya chombo cha kupimia na tarakilishi vielewane. Sharti pawe na lugha. Tangu mwaka wa 1987, kiwango cha IEEE 488.2 kimeviwekea vyombo vya aina hiyo amri za pamoja. Mojawapo ni *IDN?, ambayo ni sawa na kukiuliza chombo, "U nani?" Nacho hujibu kwa kutaja mtengenezaji wake, modeli, nambari yake na toleo la programu yake ya ndani.

Mwanafunzi anayetaka kuuliza swali hilo kwa lugha ya Python aghalabu hutumia maktaba iitwayo PyVISA. Maktaba hapa si jengo la vitabu, bali ni mkusanyiko wa amri zilizokwisha kuandikwa ili programu nyingine zizitumie. Kuisakinisha ni kazi ya amri moja fupi. Hata hivyo, baada ya kuarifiwa kwamba kazi imekamilika, huenda asione chombo hata kimoja. Sababu ni kwamba PyVISA haifiki kwenye kebo yenyewe. Nyuma yake lazima pawe na programu ya pili, kama vile NI-VISA au PyVISA-py, inayoubeba ujumbe. Anayetumia PyVISA-py kwa kebo ya USB huongeza PyUSB na libusb; na katika mfumo wa Linux, mtumiaji sharti apewe ruhusa ya kukifikia chombo.

Mwongozo rasmi wa hatua hizi ni wa Kiingereza. Asiyeuelewa vyema hunakili amri bila kujua ipi inafanya nini. Zikikwama, hufuta zote na kuanza upya.

Si kwamba Kiswahili kimekosa istilahi. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Lakini istilahi inayobaki katika orodha ni kama PyVISA iliyosakinishwa peke yake: ipo, ila haikifikii chombo. Kinachohitajika ni miongozo mifupi, iliyoandikwa na wanafunzi wa Kiswahili wakiwa wameketi na wenzao wa maabara, na kujaribiwa hatua kwa hatua hadi chombo kijibu. Kidole kimoja hakivunji chawa.